Kuupa mwili wimbo uliotengenezwa chumbani: njia nne kwa mizani moja

Matatu ya Kisauni kwenda mjini, saa moja asubuhi. Wimbo nilioumaliza usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa kwenye flashi, na kondakta, kijana tunayejuana mtaani, alikubali kuutia baada ya ule uliokuwa ukipigwa. Ule wa kwanza ulilijaza gari, vioo vikitetemeka. Ukaisha, ukaingia wangu. Kiki, ile ngoma nzito ya chini iliyokuwa ikinigonga kifuani kule chumbani, haikusikika. Sauti yangu ilibaki juu peke yake, nyembamba, na biti ikawa mbali kama inayopigwa nyumba ya pili. Kondakta akaongeza sauti, akanigeukia: "Yakhe, mbona huu wako umenywea?"

Alisema kweli. Tangu asubuhi ile nimezipita njia nne ambazo prodyuza wa chumbani hapa Mombasa huzigeukia akitaka wimbo wake ushibe: kuongeza sauti na vyombo vya kupigwa kwa mkono, kujifunza kumiksi mwenyewe (kupanga vyombo na sauti ndani ya wimbo), kutumia huduma za mtandaoni zinazomasta zenyewe (kuumalizia wimbo uliokwisha kumiksiwa), na kumpelekea fundi mitambo wa studio. Kila moja imenisaidia kwa wimbo fulani na kunipotezea muda kwa mwingine. Nayaandika haya kwa mwenye wimbo mkononi, pesa kidogo mfukoni, na asiyejua aanzie wapi.

Kwanza: wimbo umepungukiwa wapi?

Nyimbo huwa nyembamba kwa sababu tofauti. Kuna wimbo usio na kitu ndani: biti, besi, sauti moja, basi. Kuna ulio na kila kitu, lakini vitu vyote vinagombania nafasi moja hata hakuna kinachosikika vizuri. Kuna uliorekodiwa au kumiksiwa mahali pabaya. Na kuna ulio mzima kabisa, ila uko chini tu kwa sauti. Hayo ni magonjwa manne, na dawa ya moja hailitibu jingine. Wengi tunakosea hapa: tunalipia masta wakati kinachokosekana ni watu wa kuitikia.

Ugonjwa wangu wa siku ile ulikuwa chumba. Ni cha futi kumi kwa kumi, kama vyumba vingi vya kupanga. Futi kumi ni mita tatu na kidogo. Katika joto la nyuzi 28 sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hz 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, lina urefu wa mita sita na kidogo, mara mbili ya upana wa chumba. Wimbi hilo likigonga ukuta na kurudi, linajipanga: karibu na kuta besi inafura, katikati ya chumba inanyauka. Na chumba kikiwa mraba, urefu na upana vinatenda kosa lilelile kwa pamoja. Sasa Hz 57 iko jirani kabisa na noti ya A ya chini, yenye Hz 55, palepale kiki nzito na besi za 808, zile ndefu za mashine ya ngoma, zinapopenda kukaa. Mimi nilikuwa nikikaa kitandani, mgongo ukutani. Nilisikia besi ya bure iliyoletwa na ukuta, nikaipunguza ile iliyomo kwenye wimbo. Matatuni ukuta ule haukuwepo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia yoyote, fanya majaribio matatu. Chukua wimbo wa kibiashara wa mtindo wako, uweke kando ya wako, kisha uushushe ule wa kibiashara mpaka zilingane kwa nguvu. Hili la kuushusha ni la lazima, maana sikio hupenda kilicho juu hata kama si kizuri zaidi. Ukishaulinganisha hivyo na tofauti ikatoweka, tatizo lako lilikuwa nguvu tu. Pili, sikiliza wimbo wako kwenye spika ya simu. Maneno yakipotea au besi ikifutika, tatizo liko kwenye miksi. Tatu, zima kila kitu uache biti na sauti kuu, usikilize kiitikio kinapoingia. Kama hakifunguki kuliko ubeti, hakuna plagini (programu ndogo ya kugeuza sauti) itakayokifungua, kimekosa watu.

Mizani

Njia zote nne nitazipima kwa mambo yaleyale: pesa, pamoja na nauli na bando, muda, ugonjwa unaotibika, madhara unayoweza kuyaleta, na kinachobaki mikononi mwako wimbo ukishatoka. Kisha nitasema inamfaa nani.

Njia ya kwanza: sauti zaidi na vyombo vya mkono

*Pesa.* Kuimba tena ni bure. Mpigaji unamlipa mnavyokubaliana, na usisahau chakula na nauli ya kurudi usiku. Vifaa ni maikrofoni moja na saundikadi, ile ya kuingizia sauti kwenye kompyuta, ambayo pengine unayo tayari.

*Muda.* Jioni moja mpaka tatu kwa wimbo.

*Inatibu nini.* Utupu. Na kwa kutibu utupu sijaona dawa ya kuishinda, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Anza na sauti yako. Imba kiitikio mara ya pili, tena mara ya tatu, kila mara kwa pumzi mpya, kisha moja iweke kushoto, nyingine kulia, zote mbili chini ya ile ya katikati. Ukinakili tu faili lilelile na kulibandika chini yake hupati upana wowote. Unapata sauti ileile ikiwa juu kwa desibeli sita. Unene unatoka kwenye tofauti ndogondogo kati ya mara moja na nyingine: herufi iliyochelewa kidogo, noti iliyopanda kwa unywele. Tofauti hizo zina thamani kiasi kwamba mwaka 1966 fundi Ken Townsend wa studio za Abbey Road, London, alibuni mtambo wa kuziiga kwa tepu, kwa kuwa wanamuziki wa Beatles walichoka kuimba kila kitu mara mbili. Sisi tunao muda wa kuimba mara mbili.

Watu wa taarab hapa pwani wanalijua jambo hili zamani. Sikiliza fidla na kodiani zinavyofuata sauti ya mwimbaji: zinapiga muziki uleule mmoja, lakini kila moja inauremba kwa mkono wake. Au sikiliza nyimbo za Zuhura Swaleh, taishokoto, chombo cha nyuzi chenye vitufe, inavyomeremeta juu ya sauti yake. Hakuna aliyeongeza kitu kipya kwenye wimbo, na bado wimbo umeshiba. Mbinu hiyo inaingia vizuri hata kwenye biti ya kisasa: mwite mpiga udi afuate sauti ya kiitikio tu, umwache kwenye ubeti.

Kisha mdundo. Sneya (ngoma ya mlio mkali) ya kompyuta ni sampuli moja inayorudiwa vilevile mwanzo hadi mwisho. Mkono wa mtu haupigi mara mbili sawasawa. Angalia wimbo wako una pengo wapi. Pengo likiwa chini, vumi italijaza. Likiwa katikati, chapuo au matari. Likiwa juu, kayamba.

Nilimleta mzee mmoja wa Kigiriama, mpiga kayamba, tukangoja mpaka baada ya isha kunguru wametulia na tuktuk zimepungua. Nikazima feni. Mara ya kwanza nilimweka karibu mno na maikrofoni, na zile mbegu zikasikika kama mvua juu ya mabati, hakuna mdundo, ni vurugu. Mzee akavaa hedifoni, akajisikiliza, akasema, "Mwanangu, hiki chombo hakipendi kusogelewa." Akarudi nyuma hatua mbili, akaugeuza ubapa wa kayamba usitazame maikrofoni moja kwa moja. Akapiga wimbo mzima, akapumzika, akanywa maji, akapiga tena wote tangu mwanzo. Ile ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Sikugusa ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha masafa ya chini, ya kati na ya juu. Wimbo ulifunguka pande mbili kama mkeka unaokunjuliwa.

*Inaharibu nini.* Ukinogewa utajaza mpaka maneno yasisikike. Kila unachoongeza kinachukua nafasi ya kitu, kwa hiyo kabla ya kuongeza cha nne, jaribu kuondoa kimoja. Mpigaji asiyeshika mdundo atakupa kazi ya siku mbili ya kukatakata. Na chumba kinaingia kwenye rekodi, hukitoi tena. Trei za mayai ukutani hazisaidii cha maana. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji, blanketi nzito za mitumba kutoka Kongowea, kabati la nguo lililofunguliwa, hivi vinameza mwangwi wa juu na wa kati. Leso peke yake ni nyepesi mno. Na hakuna blanketi linalozuia kelele ya nje. Hiyo unaikimbia kwa saa.

*Unabaki na nini.* Rekodi zako mwenyewe ambazo hakuna mwingine anazo. Biti za kupakua mtandaoni tunazitumia wengi. Kayamba ya yule mzee ni ya wimbo ule tu.

*Inamfaa nani.* Mwenye wimbo mzuri uliokaa uchi, hasa mwenye watu karibu: madrasa yenye vijana wanaoimba kasida, kwaya ya kanisa, kikundi cha chakacha, shangazi mwenye kigelegele kisichokatika.

Njia ya pili: kumiksi mwenyewe

*Pesa.* Unaweza kuanza bila kulipa. Programu ya Reaper, ya kurekodi na kumiksi, inakupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Ukiwa na FL Studio uliyoinunua, masasisho yake ni ya bure maisha. Plagini za bure zinatosha kabisa: TDR Nova kwa ikwalaiza, Voxengo SPAN kuonyesha masafa, Youlean Loudness Meter kupima nguvu. Gharama ya kweli ni hedifoni za kuaminika. Katika chumba kama changu hedifoni zinasema kweli zaidi kuliko spika, kwa kuwa hazina kuta.

*Muda.* Miezi. Nyimbo kumi za mwanzo ni za kujifunzia.

*Inatibu nini.* Msongamano. Kazi hii nusu yake ni kupanga nguvu tu, nani juu na nani chini, kabla ya plagini yoyote. Baada ya hapo mambo machache yanaleta mabadiliko makubwa. Kata masafa ya chini kabisa kwenye kila kitu kisicho kiki wala besi. Gitaa na sauti ya mtu hazina shughuli chini ya Hz 80 hivi, lakini mtetemo unaobaki kule unakula nafasi ya besi. Tafuta uzito wa matope kati ya Hz 200 na 400, ambako gitaa, kinanda na sauti za kiume hurundikana, upunguze kidogo kwenye chombo kisicho muhimu.

Na besi. Spika ya simu haiwezi kutoa Hz 60, hata ufanyeje. Lakini ukiichafua besi kidogo kwa plagini ya sacharesheni, inazaa sauti juu yake, Hz 120, 180, 240, na sikio likizisikia hizo linajijazia lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Ndiyo sababu besi za nyimbo za kibiashara husikika hata kwenye simu. Niliposhika hili tu, nyimbo zangu ziliacha kunywea.

Jambo jingine ni kiwango unachosikilizia. Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa chini, sikio la mwanadamu huisikia besi kidogo kuliko masafa ya kati. Ukimiksi usiku kwa sauti ya chini ili usiwaamshe watu, utazidisha besi. Ukimiksi mchana ukifungulia yote, utaipunguza. Chagua kiwango kimoja, kitie alama, usikihame.

*Inaharibu nini.* Wimbo ulioutunga, ukauimba na kuurekodi, ukausikiliza mara mia mbili, huusikii tena. Sikio limeuzoea, makosa yake yamekuwa sura yake. Hapo ndipo mtu anapotia plagini juu ya plagini, na kila moja inauua uhai kidogo. Mimi sasa nauacha siku mbili kamili kabla ya kuurudia.

*Unabaki na nini.* Ufundi, na haukatiki na bando. Hata ukija kumpa mtu kazi, utajua kumweleza unachotaka.

*Inamfaa nani.* Anayetoa nyimbo mara kwa mara na ana subira. Pia mwenye sauti anayoitafuta ambayo hawezi kuieleza kwa maneno.

Njia ya tatu: masta ya mtandaoni inayojifanya yenyewe

*Pesa.* Ndogo kuliko zote. BandLab inamasta bure, hata kwa simu. LANDR ya Kanada, iliyofungua huduma hii mwaka 2014, ni ya kulipia. Hesabu na bando: wimbo wa dakika nne wa WAV (faili la sauti lisilobanwa), wa ubora wa biti 24, kHz 44.1, sterio, unakaribia MB 63 kuupandisha.

*Muda.* Dakika chache, ukiondoa mtandao.

*Inatibu nini.* Nguvu, na uwiano wa jumla wa masafa. Mashine inapokea faili moja lililokwisha kuchanganywa, inalinyanyua, inalisawazisha juu na chini, inabana vilele. Kwa wimbo ambao miksi yake imesimama, unaweza kushangaa.

*Inaharibu nini.* Haiwezi kuishika sauti yako ikaacha kiki. Kama sauti imezama, itanyanyuka pamoja na kilichoizamisha. Na ukichagua kiwango kikali kuliko vyote kwa kuwa kinasisimua, jua kwamba Spotify kwa kawaida yake huziweka nyimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha nguvu ya wimbo kwa wastani), na hushauri vilele visivuke desibeli -1. Wimbo uliobanwa mpaka LUFS -7 utashushwa kule, na mdundo uliokufa kwa kubanwa haufufuki. Upande wa pili, kwenye harusi na kwenye gari lenye flashi hakuna anayekusawazishia. Wimbo ulio chini sana utaonekana dhaifu baada ya wa mwenzio. Kwa hiyo tafuta kati, na ulinganishe masta na miksi yako zikiwa na nguvu sawa kabla ya kufurahi.

*Unabaki na nini.* Faili.

*Inamfaa nani.* Mwenye haraka, mwenye demo, na mwenye miksi nzuri asiye na pesa ya mwezi huu.

Njia ya nne: fundi mitambo

*Pesa.* Kubwa kuliko zote kwa wimbo mmoja, na bei hazilingani kutoka studio moja hadi nyingine. Uliza bei ya kumiksi na ya kumasta kila moja peke yake. Kumiksi ni kupanga vyombo kimoja kimoja. Kumasta ni kulimalizia faili moja. Wapo wanaotaja bei ya masta, wewe ukadhani umelipia vyote.

*Muda.* Siku kadhaa mpaka wiki kadhaa, kutegemea foleni yake na jinsi ulivyotayarisha kazi. Mtolee stemu, yaani kila chombo faili lake, zote zikianza sekunde ya sifuri hata kama chombo kinaingia dakika ya pili, WAV ya biti 24, bila limita (kizuizi cha vilele) kwenye njia kuu. Stemu ishirini za sterio za wimbo wa dakika nne zinapita GB 1.2, beba flashi uende nayo, ni rahisi kuliko bando.

*Inatibu nini.* Msongamano, uwiano, na upofu wako juu ya wimbo wako. Hiki cha tatu ndicho unachokilipia hasa: masikio mapya, ndani ya chumba kisichodanganya. Fundi mzuri atakusikiliza dakika moja akuambie gitaa la pili halina kazi, uliondoe. Utaumia, kisha utaliondoa.

*Inaharibu nini.* Anaweza kuwa fundi hodari wa mtindo usio wako. Aliyezoea biti nzito za kurapu ataishusha sauti ndani ya mdundo, na kwa wimbo wa taarab hilo ni kuua shairi. Wasikilizaji wa Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab wa hapa Mombasa, walikuja kwa maneno. Chombo kikimfunika mwimbaji, wimbo umekwisha. Kwa hiyo msikilize kazi zake tatu za mtindo wako kabla ya kutoa hata shilingi. Chakacha je? Bango, muziki wa pwani wa saksafoni kama ule wa Mzee Ngala, je? Kama hana, mpe wimbo mmoja kwanza.

La pili ni makubaliano. Studio moja niliyoiendea ilichukua malipo yote mwanzo, ikanirudishia MP3 moja baada ya wiki nyingi. Nilipoomba toleo lisilo na sauti kwa ajili ya kuimbia jukwaani, nikaambiwa mradi umefutwa kwenye kompyuta. Sikuwa na karatasi wala ujumbe wowote wa makubaliano, nikakosa la kusema. Siku hizi naandika kwenye ujumbe wa simu, na yeye anajibu "sawa": nusu sasa, nusu kazi ikiisha, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, nitapewa WAV ya wimbo kamili, ya biti peke yake na ya sauti peke yake, na tarehe.

*Unabaki na nini.* Wimbo unaoweza kusimama popote. Ukiomba kukaa pembeni akifanya kazi, na wengi hukubali ukiwa mtulivu, unaondoka na somo pia. Nilijifunza zaidi kuhusu kompresa, ile ya kubana sauti zinazoruka, mchana mmoja kwenye kiti cha nyuma cha fundi kuliko video za mwaka mzima.

*Inamfaa nani.* Mwenye wimbo mmoja anaouamini, hasa unaofuatwa na video. Pia kikundi kilichorekodi vyombo vingi pamoja, kwa kuwa kule sauti za vyombo zimeingiliana kwenye maikrofoni na kuzitenganisha kunahitaji mkono mzoefu.

Kwa hali yako

Wimbo wa harusi ya Jumamosi na leo ni Jumatano: panga nguvu za vyombo vizuri usiku huu, uache, uusikilize kesho kwenye simu na kwenye gari la mtu, rekebisha, kisha masta ya mtandaoni. Jina la bibi harusi lisikike wazi. Hicho ndicho watu watakachokisubiri.

Una biti ya kupakua na sauti yako moja: kabla ya kulipia chochote, imba kiitikio mara mbili zaidi na utafute chombo kimoja cha mkono. Ukimpelekea fundi wimbo ulivyo sasa, atakurudishia utupu ule ule, ila umepigwa pasi.

Huna kompyuta, una simu: BandLab, hedifoni za waya, na saa za usiku. Hedifoni zisizo na waya zina ucheleweshaji utakaokupoteza mdundo ukiimba.

Unatoa wimbo kila mwezi na unakusudia kuendelea: jifunze kumiksi, lakini kila baada ya nyimbo tano au sita mpe fundi wimbo mmoja, ukae karibu naye, ulinganishe alichofanya na ulichofanya wewe. Hapo pesa ile moja inakufundisha kwa nyimbo zote zinazofuata.

Mna pesa ya kikundi kwa wimbo mmoja tu mwaka huu: gawanyeni. Sehemu kwa wapigaji, sehemu kubwa kwa fundi wa kumiksi. Pesa ikibana, masta ndiyo ya kwanza kuifanya kwa njia ya rahisi, si miksi.

Na kama umefanya majaribio yote na bado hujui ugonjwa uko wapi, usimlipe mtu yeyote wiki hii. Utie wimbo kwenye flashi kati ya nyimbo mbili unazozipenda, uombe upigwe kwenye gari, ukae kiti cha nyuma kabisa. Usisikilize kama mwenye wimbo. Shika simu uandike kitu kimoja tu, kile kilichopotea kwanza. Ikipotea kiki, ukirudi vuta kitanda kiondoke ukutani, uvae hedifoni na kuisikiliza besi upya. Yakipotea maneno, ni miksi, yako au ya fundi. Ukipotea upana, kiitikio kikabaki cha mtu mmoja, mpigie simu jirani yako mwenye sauti, mwambie aje baada ya isha.